Mali na Adui Zake

Neno uchumi limetoka katika kuchuma, na kuchuma ni kazi ya mkono unaofikia tunda lililoiva. Neno kitegauchumi limeongezewa kutega, na kutega ni kazi ya mwindaji. Kazi hizi mbili zina tabia mbalimbali. Mchumaji hukiona anachokichuma, ilhali mtegaji hakioni. Huweka mtego wake akaenda zake kulala, na asubuhi huamka kwenda kutazama. Huenda akakuta kanga, huenda akakuta manyoya matupu, huenda akakuta mtego wenyewe umekwisha kuchukuliwa. Kila mtu aliyeweka mali yake mahali ili izae ni mtegaji, awe anajua au hajui. Na elimu yote ya jambo hili yaweza kukusanywa katika maswali matatu ya mtegaji: Nimetega nini? Nimetega wapi? Na ni nani mwingine apitaye njia hiyo?

Wataalamu wa fedha wana jina lao kwa jumla ya mitego ya mtu mmoja. Huiita jalada la uwekezaji. Jina hili limetoka ofisini, ambako karatasi za jambo moja hutiwa katika jalada moja ili zipate kutazamwa zote kwa mara moja. Ni jina zuri, kwa sababu lina fundisho ndani yake: mali iliyotawanyika sharti itazamwe kwa pamoja. Lakini laweza kumpoteza mwanafunzi, akadhani kuwa jambo lenyewe ni la watu wenye karatasi, yaani hisa na hatifungani, na kwamba mzee wa kijijini mwenye migomba, mibuni na ng'ombe hana jalada. Mimi nilizaliwa Ngara, na jamaa za mama yangu wako Biharamulo. Nimeona majalada mengi yasiyo na karatasi hata moja, na baadhi yake yalipangwa kwa busara kubwa kuliko ile niliyoikuta kwa wenzangu wa mjini wenye mishahara.

Huenda msomaji akasema kuwa wahenga walikataza jambo hili, maana walisema, mshika mbili moja humponyoka. Walisema kweli, lakini walikuwa wakisema juu ya mikono. Mtu ana mikono miwili na siku moja yenye saa zake, na akitaka kuwa fundi wa kila kazi hatakuwa fundi wa yoyote. Mali haishikwi kwa mikono. Mali hushikwa kwa kumbukumbu. Ndiyo maana wahenga hao hao walisema pia, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali ya kwanza humwonya mtu asitawanye nguvu zake, na ya pili humwonya kwamba mali ikiisha kutawanyika haina budi kuhesabiwa. Hazipingani.

Ngara ni nchi ya vilima, imepakana na Rwanda na Burundi, na mto Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Nyumba hukaa katikati ya migomba, mibuni husimama ndani ya migomba, na maharage hupandwa palipo na nafasi. Biharamulo iko upande wa mashariki. Nchi yake ni pana na yenye misitu, na kwa muda mrefu mbung'o waliwazuia watu kufuga katika sehemu zake nyingi. Katika nchi hizi mtu mwenye akili aligawa mali yake kwa kufuata muda. Ndizi zilikuwa za kila siku, maana mgomba haungoji msimu. Kahawa ilikuwa fedha ya mwaka: ilileta ada za shule, nguo na bati la nyumba. Ng'ombe alikuwa akiba ya miaka, naye alilipa kodi ya kukaa kwake kwa samadi iliyolisha migomba. Watoto walikuwa akiba ya uzeeni. Jirani alikuwa akiba ya siku ya msiba, siku ambayo fedha pekee haiwezi kubeba jeneza. Hakuna kitu kimoja katika hivyo kilichoombwa kufanya kazi ya kingine. Hakuna aliyeuza ng'ombe kununua chumvi, wala aliyetegemea kahawa kwa chakula cha jioni.

Tena ng'ombe hawakulala zizi moja. Mwenye ng'ombe kumi aliweza kuwa na watatu nyumbani na saba katika nyumba za watu. Aliyepewa ng'ombe alimchunga, akanywa maziwa, akapata samadi, na ndama waligawanywa kwa mapatano. Ugonjwa ulipoingia kilima kimoja haukumaliza mali yote, na mwenye mali alikuwa na nyumba saba zilizomtakia heri ng'ombe wake. Nisiisifu desturi hii kupita kiasi. Katika Rwanda, desturi ya namna hii iliyoitwa ubuhake ilimfunga mpokea ng'ombe katika utumishi wa mtoaji, ikafutwa mwaka 1954. Faida iliyosimama juu ya shingo ya mtu mwingine ina adui wake tayari, naye ni yule mwenye shingo. Lakini kanuni ya kutawanya ilikuwa njema, nayo haikufundishwa na kitabu.

Ilifundishwa na adui. Katika muongo wa 1890 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe kwa wingi usiosahaulika, na aliyekuwa na ng'ombe tu alibaki na mifupa. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakiishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei katika soko la dunia ikaanguka. Mkulima wa Ngara, ambaye hakualikwa katika mkutano wowote, aliuona mkutano huo katika mfuko wake. Miaka ya 2005 na 2006 mnyauko wa migomba uliingia mkoa wa Kagera. Ugonjwa huu hauna dawa: mgomba ulioshikwa hung'olewa, na kisu kilichoukata kisiposafishwa hupeleka ugonjwa kwa mgomba wa pili, na wa tatu, mpaka shamba zima likaisha kwa mkono wa mwenyewe aliyedhani analitunza.

Wako adui wengine ambao huja wamevaa nguo za bahati. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi walipita watu wapatao 250,000. Kambi ya Benako ikawa mji mkubwa katika nchi isiyokuwa na mji. Soko likazuka, maduka yakajengwa, na watu wakatia huko kila walichokuwa nacho. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao, na soko likaondoka pamoja nao. Kule Biharamulo mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kazi mwaka 2005, na kufikia mwaka 2013 kampuni iliyoufungua ilikuwa inauachia Shirika la Madini la Taifa. Miaka minane ni michache. Mbuni ulioupanda siku mgodi ulipofunguliwa ungali kijana siku mwenye mgodi anapofunga mizigo. Sisemi kuwa waliofanya biashara Benako au Tulawaka walikuwa wajinga. Wengi walisomesha watoto kwa fedha hiyo. Nasema kuwa aliyehesabu duka lake, nyumba yake ya kupanga na pikipiki yake ya kubeba abiria kuwa ni mali tatu alikuwa na mali moja, maana zote zilikuwa na mlaji mmoja, na mlaji huyo alipoondoka zilikufa siku moja.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema. Watu husema, usitie mayai yako yote katika kapu moja, kisha wakanunua makapu kumi wakayapanga juu ya kichwa cha mtu mmoja. Mitego kumi katika njia moja ni mtego mmoja. Basi mtu anapotaka kujua mali yake isihesabiwe mali, ahesabiwe adui. Kwa kila kitu ulicho nacho uliza, nini kitakachokiua? Vitu viwili vyenye adui mmoja viandike katika mstari mmoja. Ukifanya hivyo utaona kuwa jalada lako ni jembamba kuliko ulivyodhani. Na huko kuona ndiko mwanzo wa kulitunza.

Nalisema hili kwa sababu liliingia nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifariki mwaka 2021, akamwacha mama na sisi watoto wanne. Aliacha shamba la migomba na mibuni, ng'ombe tisa, na shilingi 14,000,000 katika benki zilizobaki katika mafao yake. Matanga yalipokwisha tulikaa kikao. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni dereva, alikuwa na shauri lililokamilika: ng'ombe wauzwe, sehemu ya shamba iuzwe, fedha ya benki itolewe, tununue lori lililotumika la kubeba mizigo katika barabara ya Rusumo. "Dada," alisema, "mali imelala. Tuiamshe." Baba mdogo alikuwa na shauri la kinyume: kisiuzwe kitu, kila kitu kikae kama marehemu alivyokiacha. Kisha wote wawili wakanigeukia. Baba mdogo akasema, "Binti yangu, wewe ndiwe daktari, tuhesabie."

Udaktari wangu ni wa vitenzi na viambishi, nami sikuwa na hesabu ya kuwapa. Aliyekuwa nayo ni mama. Alianza na ng'ombe. Watatu wako nyumbani. Wanne wako kwa watu wa vilima vya jirani, na alimtaja kila mmoja na mama yake na ndama zake. Wawili wako Biharamulo kwa mtu ambaye baba alipolazwa alikuja na kukaa siku kumi na mbili kando ya kitanda. "Hao wawili," alisema, "si wa kuuza. Baba yenu hakuwaweka kule wapate ndama. Aliwaweka tupate watu." Kisha akaja kwenye fedha. Alisema kuwa baba alipoanza kuweka akiba benki, mwaka 1980, fedha ile ilitosha kununua ng'ombe wawili. Alipokwenda kuitoa miaka tisa baadaye ilitosha mbuzi. Niliitazama habari hiyo baadaye katika takwimu za taifa, nikakuta kumbukumbu ya mama haikosei. Katika miaka hiyo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 25 karibu kila mwaka. Bei zikipanda kwa asilimia 30 huongezeka maradufu kabla ya miaka mitatu kutimia, na baada ya miaka tisa shilingi mia moja hubaki na nguvu ya shilingi kumi. Fedha ya baba haikuibwa na mtu. Adui wake alikuwa kalenda.

Basi tulichukua karatasi tukaandika adui. Ukame huua ndizi, kahawa na malisho, kwa hiyo shamba na ng'ombe wa nyumbani wanaingia mstari mmoja. Mnyauko huua ndizi, hauigusi kahawa. Bei ya dunia huua kahawa, haiigusi ndizi. Ndigana huua ng'ombe wa kilima kimoja, huwaacha wa kilima kingine. Kupanda kwa bei huua fedha iliyolala, lakini hakumwui ng'ombe, maana bei yake hupanda pamoja na nyingine. Lori lina adui wengi, na kila mmoja wao anatosha kulimaliza peke yake: ajali moja, injini moja, kufungwa kwa mpaka mmoja. Mdogo wangu alisema kuwa lori huleta fedha kila wiki, na kahawa huleta mara moja kwa mwaka. Alisema kweli. Lakini aliyekuwa akitaka kuzimwa kiu kila wiki alikuwa yeye, na mwenye mali alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili.

Hapo palitokea adui ambaye hakuwa katika karatasi, yaani jina. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika mila za urithi iliwaweka mabinti katika daraja la mwisho, na mjane ikamwacha atunzwe na wanawe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika kesi iliyotoka mkoa huu huu wa Kagera, iliamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyoirithi sawa na mwanamume. Hukumu ni hukumu, lakini mazoea yana miguu mizito. Mama alikuwa amelima shamba lile miaka arobaini na saba na hakuna karatasi iliyokuwa na jina lake. Mtu asiyeandikwa popote hana jalada, hata kama yeye ndiye aliyelijaza. Tulikubaliana kwamba lolote tutakaloliamua, fedha itakuwa kwa jina lake.

Mwaka ule ule Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani za serikali za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Zilizofuata zilitolewa kwa riba ya chini zaidi. Hati ya thamani ya shilingi 10,000,000 ilizaa shilingi 1,595,000 kwa mwaka, zilizolipwa kwa awamu mbili za shilingi 797,500. Nilipomweleza mama alicheka sana. "Miaka 25, mwanangu? Nani atangoja?" Nikamweleza kuwa hatangoja: riba itamjia kila miezi sita kama msimu wa maharage, na mtaji wenyewe utawangoja wajukuu, na pakiwa na haja hati huweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabla ya muda wake, ingawa bei ya siku hiyo haijulikani leo. Akauliza swali ambalo wanafunzi wa vyuo hawaliulizi: "Na adui wake ni nani?" Nikamjibu kuwa ni yule yule aliyekula ng'ombe wawili wa baba. Katika miaka ya karibuni bei zimepanda kwa kati ya asilimia 3 na 5 tu, lakini hati hii ina miaka 25, na adui huyo akirudi, riba haitaongezeka hata senti. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ng'ombe wakae."

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo ya namna jalada linavyopangwa. Hati humlinda mtu siku ng'ombe anapokufa. Ng'ombe humlinda siku shilingi inapokufa. Havikuchaguliwa kwa sababu vyote ni vizuri, bali kwa sababu haviogopi kitu kimoja. Shilingi 3,000,000 tuliziweka katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, wa namna ile iliyoanza nchini mwaka 2005 na Mfuko wa Umoja, ambamo fedha za watu wengi hukusanywa zikanunua hisa na hati nyingi, na mtu huweza kuuza vipande vyake anapougua bila kungoja. Shilingi 1,000,000 zilibaki kwa mama. Shamba halikuuzwa. Mdogo wangu alipewa ng'ombe wawili wa vilima vya jirani awe nao kama fungu lake, awauze au asiwauze.

Mwaka uliofuata ng'ombe mmoja wa Biharamulo alikufa kwa ndigana, na yule mtu akasafiri kuja kutueleza kwa mdomo wake. Riba ya pili ililipa matibabu ya macho ya mama. Mdogo wangu aliwauza ng'ombe wake, na hata leo anaendesha lori la mtu mwingine. Tukikutana hunisalimu kwa adabu, lakini hajaridhika. Huamini kuwa nilimkatia njia kwa kalamu. Huenda lori lingemtajirisha. Hilo silijui wala yeye halijui. Najua tu kuwa mali ile haikuwa yake wala yangu, na kwamba anayetega kwa mitego ya mama yake hana ruhusa ya kutega yote katika barabara moja.

Ningependa kumalizia kwa neno juu ya lugha, maana ndiyo kazi yangu. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha mchezo wa fedha ulioitwa DECI, ambao ulikuwa umekusanya watu wengi nchini. Watu hawakuambiwa kuwa wanacheza kamari. Waliambiwa wanapanda mbegu, nao wakangoja kuvuna. Mkulima wa Ngara anajua kuwa mbegu hula samadi, mvua na jasho. Angeuliza, mbegu hii inakula nini? Jibu lilikuwa kwamba inakula mbegu ya mtu aliyepanda jana yake. Neno zuri la shamba liliazimwa ili kuwazuia watu wasiulize swali la shamba. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo wengi hawana: akisikia jina tamu la faida, alivunje vipande vipande kama avunjavyo kitenzi, atazame mzizi wake ni upi na mtendaji ni nani.

Wewe utakayepokea mshahara wa kwanza mwaka huu, utaambiwa na wengi uwekeze. Utaambiwa juu ya hisa, viwanja, vikundi vya kukopeshana, hatifungani na mashamba ya miti. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho kibaya kwa asili yake. Lakini anza kwa kuandika ulicho nacho, pamoja na watu wanaokutegemea na watu unaowategemea, maana hao pia wamo katika hesabu. Kisha mbele ya kila kitu andika adui wake. Ukiona jina moja limejirudia mara nyingi, hapo ndipo penye kazi yako. Tena utazame mara kwa mara, kwa sababu njia hubadilika na wapitaji hubadilika. Mtegaji asiyekagua mitego yake hulisha fisi, na fisi hana desturi ya kushukuru.